Umebakiza muhula mmoja? Dar isikupe kiwewe!

Ukikaribia kumaliza chuo, kila mjomba anakuuliza: "Utafanya kazi gani?" Wewe kichwani ni Dar tu. Kijana wa Ilongero, tulia kwanza! Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida yapo hapo hapo kwenu, na alizeti ya Singida inajulikana nchi nzima. Mhasibu, bwana shamba, fundi mashine, wote wana pa kubisha hodi.

Halafu kuna Bodi ya Mikopo. Tangu 2016 sheria inataka asilimia 15 ya mshahara wako. Ukitoa na kodi ya chumba Sinza, unabakiwa na nini? Piga hesabu kabla ya kuvaa joho. Dar siyo mbaya, ila uende na mpango, siyo na begi tu!