Neno «nchi» katika katiba mbili

Katiba, yaani sheria kuu ambayo sheria nyingine zote hupata nguvu kutoka kwake, kwa kawaida hutazamwa kuwa waraka wa kugawa madaraka, lakini kule Zanzibar imekuwa pia mahali pa kubishania swali gumu zaidi: Mzanzibari ni nani, na kwao ni nchi au ni sehemu tu ya nchi? Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatamka kwamba Tanzania ni nchi moja, na kwa msingi huo mwaka 2008 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliliambia Bunge kwamba Zanzibar si nchi, kauli iliyozua mjadala mkali katika visiwa vya Unguja na Pemba. Mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi, ambalo ndilo chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar, lilipitisha marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, yaliyoitaja Zanzibar kuwa moja ya nchi mbili zinazounda Muungano wa 1964.

Hivyo katiba mbili, zote zikiwa hai, zinahesabu nchi kwa namna mbili. Kwa mwanasheria huu ni mgongano wa vifungu. Kwa wazee wa barazani Mji Mkongwe, ambako bendera ya Zanzibar ilirudi kupepea mwaka 2005, ni suala la jina lao wenyewe. Jaribio la kuandika katiba mpya ya Muungano halikulimaliza suala hilo: rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Warioba ilipendekeza Muungano wa serikali tatu badala ya mbili zilizopo, Bunge Maalumu la Katiba likabakiza mbili mwaka 2014, na kura ya maoni iliyotarajiwa kuamua juu ya katiba hiyo haikufanyika.