UJUMBE WA SIMU HUPITA NJIA IPI?



Mara nyingi siku ya malipo tunaambiwa: "Leo hakuna rede, subirini." Kwa sisi tunaolipwa kwa simu, kukatika kwa mtandao ni kukosa unga nyumbani. Yatupasa basi tuelewe ujumbe husafiri vipi, ili tujue la kuuliza.

Intaneti si mtandao mmoja. Ni mitandao zaidi ya 70,000 iliyounganishwa: ya kampuni za simu, benki, vyuo na serikali. Mpakani mwa kila mtandao kuna mashine iitwayo ruta. Kazi yake ni kupokea ujumbe na kuupeleka kwa mtandao wa jirani, nao huusogeza mbele mpaka ufike.

Ruta hujuaje njia? Huambiwa na majirani zake. Kila mtandao una namba yake, na ruta moja huiarifu nyingine: "Kupitia kwangu utafika Mtwara, utapita mitandao hii na hii." Kanuni za kuarifiana hivyo zilibuniwa mwaka 1989.

Zikija habari za njia mbili au tatu, ruta huchagua moja. Wengi hudhani huchagua iliyo fupi kwa kilomita. Sivyo. Kwanza hufuata amri ya mwenye mtandao, na amri hiyo kwa kawaida hutokana na mikataba na fedha: njia inayomwingizia malipo hutangulia, kisha ile ya kubadilishana bure, na ile ambayo yeye analipia huwa ya mwisho. Zikilingana, ndipo huchaguliwa inayopita mitandao michache. Kwa hiyo ujumbe wa kutoka Palma kwenda Mtwara, ng'ambo tu ya Ruvuma, unaweza kuzungushwa mbali kabisa.

Njia ikikatika, ruta huarifiana na kuhamia nyingine. Lakini ruta haijengi njia. Huchagua katika zilizopo tu. Kebo za EASSy na SEACOM hupita chini ya bahari yetu, kutoka Afrika Kusini kuelekea Bahari ya Shamu. Februari 2024 SEACOM ilikatika huko Bahari ya Shamu, pamoja na kebo nyingine. Kisha tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zote mbili zikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Njia zilizobaki zikafurika, na kuanzia Msumbiji mpaka Tanzania, Kenya na Uganda mtandao ukazorota.

Ndugu, tukiambiwa hakuna rede, tuulize: kampuni ina njia ngapi? Njia mbili zinazopita mnara mmoja ni njia moja tu. Tena tudai iandikwe katika mapatano ya kazi kwamba mtandao ukikatika siku ya malipo, tutalipwa fedha mkononi. Kazi tumekwisha kuifanya. Kutafuta njia ya kutufikishia mshahara ni jukumu la mwajiri.

Umoja ni nguvu.