Utangulizi: Kipunji wa Rungwe na Kazi ya Kufasili

Wengi hudhani uainishaji wa viumbe ni kazi ya kugawa majina. Majina ni sehemu ndogo tu. Kazi yenyewe ni kufasili: kueleza kiumbe huyu ni nani, kiasi cha kumridhisha hata mtu wa mbali asiye na sababu ya kukuamini. Ni nini humridhisha mtu huyo? Naanzia Mlima Rungwe, juu ya mji wa Tukuyu, kwa kuwa huko swali hili lilipata jibu mwaka 2005, na mwaka uliofuata jibu likabadilika.

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima wa msitu wa juu, mwoga, adimu kuonekana. Walimwita kipunji. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Tim Davenport walifuata maelezo hayo hadi wakamwona. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamkuta katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, takriban kilomita 350 kutoka Rungwe. Aliyekuwa amemfasili kama "kima wa Rungwe" angelazimika kuanza upya. Alikuwa amesema kweli, lakini alitaja makazi ya mnyama badala ya mnyama mwenyewe.

Makundi hayo mawili yaliungana na kuchapisha maelezo yao katika jarida la Science mwaka 2005. Tazama walivyofanya. Hawakuhangaika kumtofautisha kipunji na mbega, ambaye hata mtoto hawezi kumchanganya naye. Walimlinganisha na jamaa zake wa karibu. Kope zake ni nyeusi kama uso wake, na maisha yake ni ya juu mitini. Kwa hayo wakamweka katika jenasi ya Lophocebus, ya mangabi wa mitini. Kisha wakaonyesha kinachomtenga na mangabi hao: manyoya ya kahawia, kishungi kilichosimama kichwani, na mlio mzito wa kubweka ambao mangabi wengine hawana. Fasili hupata nguvu pale panapobana, kati ya ndugu na ndugu.

Lakini mikononi walikuwa na picha na sauti tu. Hapakuwa na ngozi wala fuvu, na baadhi ya wataalamu walilalamika. Nawaunga mkono nusu. Ni kweli kwamba picha haipimiki kama mfupa, ila kumuua mnyama adimu ili kumthibitisha ni gharama ambayo nisingeilipa.

Baadaye kipunji dume, bado mchanga, alifia katika mtego wa mkulima huko Rungwe. Sasa palikuwa na fuvu na vinasaba, navyo havikukubaliana. Fuvu lilimkaribia mangabi. Vinasaba vilimsogeza kwa nyani, ingawa hana ule uso mrefu wa nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima hai wa Afrika tangu 1923.

Je, fasili ya 2005 ilikuwa mbovu? Sivyo. Ilidai jambo ambalo mfupa na vinasaba vingeweza kulikanusha, na sehemu yake moja ikakanushwa. Mnyama waliyemtenga alibaki yuleyule. Ukoo wake ndio uliobadilika. Fasili isiyoweza kukosolewa na ushahidi wowote haina cha kutufundisha. Na mjadala haukuishia hapo: tangu 2009 vinasaba vimezua hoja kwamba mababu wa kipunji wa Rungwe waliwahi kuzaliana na nyani.

Haya si mabishano ya maabara tu. Mwaka 2008 zilichapishwa hesabu za kipunji wote: wapatao 1,100, wengi wao wakiwa katika misitu ya Rungwe na ya Kitulo iliyo jirani. Asiyeweza kumtenga na kima wengine wa msitu uleule hawezi kumhesabu, na asiyehesabiwa ni vigumu kumtetea.

Kwako unayesoma kitabu hiki ukiwa Isongole, Kiwira au Tukuyu, nina ombi. Kabla ya kufungua sura ya kwanza, mtafute mzee aliyewahi kuwinda mlimani, umwulize aliwatofautishaje wanyama wa msitu ule, kisha uandike majibu yake kama alivyoyasema. Maelezo ya watu kama yeye ndiyo yaliyowafikisha watafiti kwa kipunji.