Ngoma Tupu si Nusu Bendi

Katika shule nyingi za msingi nchini, wanafunzi hutoka mstarini na kuingia madarasani kwa mwendo wa ngoma. Vyombo huwa vichache: ngoma kubwa inayobeba hatua, ngoma ndogo mbili tatu za kujaza katikati, na pengine filimbi. Mtu aliyezoea bendi ya Polisi au ya JWTZ, au hata matarumbeta ya harusi za Dar es Salaam, akilitazama kundi hilo huona bendi iliyoishiwa fedha, inayosubiri mfadhili wa kuikamilisha. Mtazamo huo una makosa, na makosa yake yanaumiza zaidi katika uwanda wa Makonde kuliko mahali pengine, kwa sababu kule Kitangari, Newala na vijiji vya kuelekea Masasi ngoma haijawahi kuhitaji chombo kingine cha kuipa uhalali. Kikosi cha ngoma na bendi ya gwaride ni vitu viwili tofauti tangu asili, na kila kimoja kina ukamilifu wake.

Asili hiyo iko jeshini. Katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 18, mpiga ngoma na mpiga baragumu hawakuwepo kwa ajili ya burudani. Walikuwa sauti ya kamanda: amkeni, songeni mbele, rudini nyuma, pigeni risasi. Baragumu la kale halikuwa na valvu. Kwa kawaida lilitoa noti tano tu, zilizotosha kwa ishara lakini hazikuweza kubeba wimbo wowote utakao. Bendi ilikuja kwa mlango mwingine. Maofisa waliajiri wapiga zumari, klarineti na pembe ili wapate muziki mtamu wakati wa chakula na sherehe, na baadaye wanamuziki hao wakatolewa nje kutembea na askari. Ndiyo sababu bendi ya gwaride hadi leo ina vyombo vya tete kama klarineti na saksafoni, pamoja na tarumbeta, na kazi ya kwanza ya ngoma zake ni kuulinda wimbo usipotee njia.

Marekani ndiko vikosi vya ngoma na baragumu vilikokua hadi vikawa mashindano makubwa ya vijana. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya wapiganaji wa zamani vilianzisha vikosi kwa vyombo vilivyobaki vya jeshi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaundwa Drum Corps International kusimamia mashindano ya vijana wasiozidi umri wa miaka 22. Ukiuliza huko tofauti ni nini, jibu la haraka ni kwamba kikosi hakina vyombo vya tete. Jibu hilo ni kweli, lakini ni dogo mno. Kanuni za vyombo zimebadilika mara nyingi: mabaragumu yakapata valvu, mwaka 2000 zikaruhusiwa tarumbeta za funguo nyingine badala ya zile za G peke yake, mwaka 2004 vikaingia vipaza sauti, na mwaka 2009 vyombo vya umeme. Kama orodha ya vyombo ndiyo ingekuwa roho ya kikosi, kikosi kingekuwa kimekufa zamani. Kilichodumu ni nidhamu ya upigaji. Wapiga ngoma wa Marekani walikusanya mapigo ya msingi kuanzia miaka ya 1930, na mwaka 1984 yakapangwa kuwa 40. Anayeyamudu hupiga mkono wa kushoto na wa kulia kwa uzito uleule, na watu kumi wakipiga pamoja husikika kama mmoja.

Hapa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu, na naona ni mzito kuliko ule wa Marekani. Ngoma ya beni ilizaliwa katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, vijana wakiiga bendi za kijeshi kwa sare, vyeo na gwaride, kisha ikaenea Tanga, Dar es Salaam na bara, ikibebwa na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Vita hivyo vilifika uwandani penyewe: Novemba 1917 majeshi ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yalirudi nyuma kupitia Kitangari na Newala kabla ya kuvuka Ruvuma. Sasa tazama kilichotokea beni ilipofika mbali na pwani. Tarumbeta za shaba ziliachwa njiani. Katika mganda, ngoma ya pande za Ziwa Nyasa, safu za wanaume hutembea kwa nidhamu ya paredi wakiongozwa na ngoma kubwa, na mahali pa tarumbeta wana vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa utando mwembamba wa buibui, ambavyo huvivumia kwa midomo. Watu walichagua cha kubaki nacho, na walibaki na ngoma na safu.

Wamakonde hawakuhitaji hata vibuyu. Kundi la kawaida la ngoma zao lina vinganga, ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini na kupigwa kwa fimbo nyembamba. Sauti yake kali ndiyo inayoshika mapigo yasiyobadilika. Juu yake huingia ngoma nzito zaidi zinazopigwa kwa viganja, nazo huzungumza na mchezaji, humwita, humkatiza, humsimamisha ghafla. Kabla ya kupigwa huwekwa karibu na moto ili ngozi zikaze na kila moja ipate sauti yake. Katika midimu, ngoma yao ya vinyago, kila hatua ya mvaa kinyago hufuata sentensi ya ngoma, na akikosea mtazamaji wa kawaida anajua. Hiyo ni kazi ileile ya mpiga ngoma wa jeshini: kutoa amri inayoeleweka bila maneno.

Yapo mapingamizi ya kweli. La kwanza ni kwamba kinganga kimechomekwa ardhini, wala hakitembei, ilhali gwaride ni mwendo. Nakubali, ngoma za uwandani hazivishwi shingoni, na kuzilazimisha kutembea kungeziharibia sauti. Lakini kinachohamishika ni mpangilio: sauti moja kali inayoshikilia, nyingine nzito zinazojibu. Mpangilio huo unaweza kupigwa kwa ngoma za kawaida za shule. La pili ni kwamba mtoto asiye na tarumbeta hajifunzi wimbo. Shule ina sauti za wanafunzi mamia. Kiitikio wanacho vinywani. La tatu ndilo gumu. Baadhi ya ngoma ni za jando na unyago, na hazifai kupelekwa uwanja wa shule. Wazee wakizizuia, zizuiwe. Hata hivyo, sindimba, ngoma ya Wamakonde, ilishatoka uwandani miaka mingi iliyopita, ikachezwa na vikundi vya taifa na kufundishwa shuleni nchi nzima, kwa hiyo kinachoruhusiwa kipo na ni kingi.

Kitangari ina chuo cha ualimu. Mwalimu anayetoka pale anaweza kupangiwa shule ambayo haitapata tarumbeta hata moja katika miaka yake yote ya kazi, lakini yenye mzee hatua chache kutoka langoni anayejua kukaza ngozi kwa moto na kumsahihisha mpigaji kwa kusikia tu. Mzee huyo aitwe shuleni, alipwe kama mkufunzi, na ngoma za shule zikabidhiwe kwake mchana mmoja kila wiki.