Love Between Fairy and Devil: tamthilia ya Kichina inayofunza huruma lakini inawasahau raia

LWIRO – Ingekuwaje kama mwenye jeshi angesikia mwilini mwake kila pigo linalompata mnyonge? Swali hilo ndilo linalobeba Love Between Fairy and Devil, tamthilia ya Kichina ya mapenzi na miujiza yenye sehemu 36, iliyoanza kuonyeshwa kwenye jukwaa la iQIYI mwezi Agosti 2022. Inasimulia mbingu na bahari ambazo hazipo. Lakini ikitazamwa Lwiro, wilayani Kabare, jimboni Kivu Kusini, mengi ndani yake yanafahamika haraka.

Lwiro iko yapata kilometa 45 kaskazini mwa Bukavu, ukishapita uwanja wa ndege wa Kavumu, karibu na Mbuga ya Kahuzi-Biega. Inajulikana kwa kituo cha utafiti wa sayansi kilichoanzishwa mwaka 1947, wakati wa Wabeleji, kwa jina la IRSAC, ambacho leo kinaitwa CRSN. Tangu mwaka 2002 kuna pia kituo kinachopokea sokwe na kima yatima, ambao wengi mama zao waliuawa na wawindaji haramu. Na tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua uwanja wa Kavumu na kuingia Bukavu, vita na amani vimekuwa mazungumzo ya kila siku kandokando ya barabara hiyo.

Tamthilia za Kichina si ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2011, televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha Dou Dou na Mama Wakwe Zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam, Machi 2013. Kisha dekoda za StarTimes zikaleta nyingine nyingi. Vijijini, filamu nyingi husafiri kwa kadi ya memori, kutoka simu moja hadi nyingine, kwa sababu mega ni ghali na umeme si wa kutegemea.

Ile ya Dou Dou ilihusu mambo ya nyumbani: mke, mume na mama wakwe. Hii ni ya aina ambayo Wachina wanaiita xianxia, yaani hadithi za viumbe wanaoishi maelfu ya miaka, wanaopigana kwa nguvu za ajabu na kupendana katika maisha zaidi ya moja.

Kwanza, jina

Jina la Kiingereza linaweza kumshtua mtu wa kanisa, kwa kuwa lina neno linalomaanisha shetani. Jina la Kichina, Cang Lan Jue, halimtaji shetani popote. Cang inatoka katika jina la mwanaume, Dongfang Qingcang, na Lan katika jina la msichana, Xiao Lanhua, maana yake ua dogo la okidi. Mwanaume huyo ni mkuu wa kabila la Mwezi. Ni adui zake, watu wa ufalme wa juu unaoitwa Shuiyuntian, wanaomhesabu kuwa uovu wenyewe. Kabila zima linapewa jina baya na jirani yake, na watoto wanakua wakiliamini jina hilo. Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa jambo hilo linavyofanya kazi.

Hadithi kwa ufupi

Xiao Lanhua, anayechezwa na Esther Yu (Yu Shuxin), ni kiumbe wa cheo cha chini kabisa. Kazi yake ni kutunza vitabu vya majaliwa ya watu. Siku moja anaingia kwa bahati mbaya katika mnara ambamo Dongfang Qingcang, anayechezwa na Dylan Wang (Wang Hedi), amefungwa kwa miaka 30.000. Anamfungua bila kujua. Katika vurugu hiyo miili yao inabadilishana, na baadaye wanafungwa na laana ya moyo mmoja: msichana akiumia, jeraha linakwenda kwa mfalme, msichana akihuzunika, mfalme anahuzunika, msichana akifa, mfalme naye anakufa.

Mfalme ana deni kubwa. Askari wake 100.000 walifungwa pamoja naye, na anataka kuwarudisha. Baadaye anagundua kwamba ufunguo wa kuwafungua ni roho ya msichana huyo huyo. Kuwaokoa watu wake ni kumwua yeye.

Nguvu zake

Nguvu ya kwanza ni laana yenyewe. Tamthilia nyingi za mapenzi hutumia urembo, zawadi na mvua kuwakutanisha wawili. Hapa mwenye nguvu analazimishwa kumlinda mnyonge kwa sababu anasikia maumivu yake. Mwanzoni anafanya hivyo kwa faida yake mwenyewe tu. Akiwa ndani ya mwili wa msichana, anaonja dharau ambayo wenye vyeo wanammwagia kila siku, na kwa mara ya kwanza anajua ukiwa chini dunia inaonekanaje. Huruma haimjii kwa mahubiri, inamjia kupitia ngozi.

Nguvu ya pili ni namna ukatili wake unavyoelezwa. Dongfang Qingcang hakuzaliwa bila moyo. Baba yake alitaka mrithi asiyeweza kushindwa, akamng'oa hisia zake zote na kumfanya silaha. Tamthilia inazionyesha hisia hizo kama mti uliokauka ndani yake, ambao polepole unaanza kuchipua. Mtoto anayefundishwa vita kabla ya kufundishwa kupenda ni kidonda kinachojulikana Kivu, ambako makundi yenye silaha yamewaingiza watoto jeshini kwa miaka mingi. Tamthilia haisemi kwamba mtu wa namna hiyo hana hatia. Inasema tu kwamba kuna aliyemtengeneza hivyo.

Ya tatu ni kazi ya msichana. Xiao Lanhua hajui kupigana. Anajua kutunza: mimea inayokufa, vitu vilivyovunjika, watu waliokata tamaa. Wengine wanamcheka, lakini kadiri sehemu zinavyosonga, kazi hiyo inaonekana kuwa ngumu kuliko upanga. Hapo Lwiro inaweza kuelewa kuliko pengi. Mahali ambapo watu huamka kila asubuhi kumlisha sokwe yatima hadi apone, kutunza hakuhesabiwi kuwa udhaifu.

Juu ya hayo kuna wachezaji. Dylan Wang anaweza kuchekesha bila kubadilisha uso, hasa anapoigiza mfalme aliyefungwa katika mwili wa msichana mwoga. Esther Yu naye anafanya kazi ngumu ya kucheza mfalme mkali kwa uso wa mtoto. Rangi za mavazi na za mandhari zinavutia hata kwenye kioo kidogo cha simu.

Kasoro zake

Kasoro nzito kuliko zote imo ndani ya mapenzi yenyewe. Mwanzoni Dongfang Qingcang anataka kumwua Xiao Lanhua. Anamtisha, anamzuia kuondoka, anaamua kila kitu kwa ajili yake. Muziki ni mtamu na mchezaji ni mzuri, kwa hiyo mtazamaji anasahau haraka. Katika jimbo ambalo hospitali ya Panzi imewatibu maelfu ya wanawake waliotendewa ukatili, kazi iliyompa Daktari Denis Mukwege Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, jambo hilo haliwezi kupitwa hivi hivi. Mfalme wa tamthilia anabadilika kwa sababu laana inamlazimisha kusikia maumivu. Mwanaume wa kweli anayepiga au kutisha hana laana hiyo, na msichana anayengoja abadilike kwa uvumilivu wake anaweza kungoja hadi kaburini.

Kasoro ya pili ni raia. Mabila mawili yanapigana kwa maelfu ya miaka, lakini kamera haitoki katika majumba ya wakubwa. Tunajua idadi ya askari waliofungwa. Hatujui nani alipoteza shamba, nani alikimbia na watoto, nani alirudi akakuta nyumba imekaliwa na mwingine. Sehemu za Yunmengze, yaani dunia ya wanadamu, zinakaribia maisha ya kawaida, na ni kati ya sehemu bora, lakini hata huko macho yanabaki kwa wakubwa waliojificha katika sura za watu wa kawaida.

Ya tatu ni namna amani inavyopatikana. Makabila hayaketi kuzungumza, hakuna anayeomba msamaha mbele ya waliofiwa, mipaka haijadiliwi. Msichana mmoja anajitoa sadaka, na baadaye mfalme naye anajitoa. Machozi ni mengi, lakini chanzo cha vita kinabaki pale pale. Ili kukikwepa, waandishi wanaleta mwishoni uovu mkubwa zaidi, Taisui, ambao unawafanya maadui wa jana kusimama upande mmoja. Ni njia rahisi. Uhasama wa mabila ulistahili jibu lake wenyewe.

Kuna pia kasoro ndogo za ufundi. Mwendo unalegea katikati. Hadithi ya wapendanao wa pili, Rong Hao na mwalimu wake, inaanza vizuri lakini inabanwa. Sauti nyembamba ya Xiao Lanhua katika sehemu za kwanza itawachosha baadhi ya watazamaji kabla hajakomaa. Na asiyesoma haraka lugha ya kigeni chini ya kioo atakosa mengi, kwa sababu hadithi imejaa vyeo, makabila na maisha yaliyopita.

Itazamwe vipi?

Pamoja na hayo, ni kati ya tamthilia bora za aina yake, na inastahili muda wake. Haina matusi wala picha za aibu, kwa hiyo familia inaweza kuitazama pamoja. Mzazi anayeitazama na binti yake au kijana wake atakuwa na la kuzungumza baada ya kila sehemu. Kwa nini mfalme alibadilika? Angebadilika kama asingeumia yeye mwenyewe? Na kwa nini ni msichana aliyelazimika kufa ili wakubwa waache kupigana?

Swali hilo la mwisho tamthilia haikulijibu. Wakaaji wa Kabare, ambao vita vimepita milangoni mwao zaidi ya mara moja tangu mwaka 1996, wanajua kwamba anayelipa bei ya amani mara nyingi ndiye aliyekuwa mbali kabisa na meza ya uamuzi.