Mvua Moja, Malisho Mawili

Mvua kubwa inaponyesha Kamunyonge, mjini Musoma, maji hayaendi njia moja. Palipo na nyasi huzama ardhini; kwenye njia iliyokanyagwa hutiririka kuelekea Ziwa Viktoria. Mvua ni ile ile. Kilichotofautiana ni hali ya ardhi.

Katika nyanda kavu za malisho tofauti hiyo ndiyo uhai wa mifugo. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni lita 10,000 za maji. Sehemu yake hutiririka na sehemu hugeuka mvuke. Ile tu inayofyonzwa na mizizi ndiyo inayokuza majani.

Mwaka 1984 mtaalamu wa malisho H. N. Le Houérou alieleza kipimo cha matumizi ya mvua, yaani kilo za majani makavu zinazopatikana katika hekta moja kwa kila milimita ya mvua ya mwaka. Katika malisho makavu yaliyotunzwa kwa kadiri, kipimo hicho ni kilo 3 hadi 6. Katika ardhi iliyochakaa kabisa, hakifiki hata nusu kilo. Basi mvua ya milimita 500 yaweza kuotesha kilo 2,000 mahali pamoja, na pengine isifikishe kilo 250. Mfugaji wa mahali pa pili atalalamikia ukame, ingawa mawingu hayakumnyima kitu.

Sababu zafahamika. Kwato zikipita bila kikomo, vitundu vya udongo huzibika. Majani yakiliwa hadi shinani, mizizi hudhoofika. Moto wa kila mwaka nao huiacha ardhi wazi, na matone ya mvua huigandamiza ikawa na gamba gumu.

Hata hivyo, si kila msukosuko huleta hasara. Huko Serengeti, baada ya sotoka kudhibitiwa, nyumbu waliongezeka kutoka kiasi cha 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi kiasi cha 1,300,000 mwaka 1977. Uwanda haukugeuka jangwa. Samuel McNaughton, aliyelinganisha sehemu zilizozungushiwa uzio na zile zilizoachwa wazi, alionyesha kwamba nyasi zilizoliwa kwa kiasi zaweza kuchipua kwa nguvu mpya. Tena, majani makavu yalipopungua, moto nao ulipungua. Siri ni mwendo: nyumbu hula, kisha huhama, na nyasi hupata kupumzika.

Wanafunzi wanaweza kulipima jambo hili wenyewe. Watoboe kopo pande zote mbili, walikite kidogo kwenye nyasi, wamimine lita moja ya maji na kuhesabu dakika hadi yazame. Kisha warudie kwenye njia iliyokanyagwa. Tofauti ya dakika hizo ndiyo tofauti kati ya mvua inayonyesha na mvua inayolisha.