Pumzi ya Bibi

Paukwa!

Pakawa!

Hapo palikuwa na bibi mmoja huko milima ya Usambara. Tangu usichana wake alipikia kuni katika jiko lisilo na dirisha. Masizi yaliganda darini, naye hakujua kwamba moshi ule ule ulikuwa ukimharibu kifua. Hakuwa peke yake: hadi leo zaidi ya watu bilioni 2 duniani hupikia moto wa wazi na majiko ya moshi.

Uzeeni kikohozi kikamng'ang'ania, masika na kiangazi. Hospitalini akaambiwa ana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Hautoki, lakini hutulizwa kwa dawa. Akapewa pampu ya kuvuta kwa mdomo.

Sasa sikilizeni. Ndani ya mapafu mna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, ambavyo hutanuka na kunywea. Vya bibi vilikuwa vimelegea, na mirija yake imekuwa myembamba, hivyo hewa iliyokwisha kutumika ilinasa ndani. Mmeiona daladala iliyojaa pomoni? Asiposhuka mtu, wa kupanda ataingilia wapi?

Lakini kilichomfungia bibi ndani hakikuwa kifua peke yake. Siku moja gulioni alikohoa, na wanawake wawili wakasogeza mikeka yao, wakinong'ona kwamba ana kifua kikuu. Si kweli, ugonjwa wake hauambukizi. Tangu siku hiyo akaacha gulio, akaacha kikoba, akaacha hata harusi. Akiulizwa, hujibu, "Nimechoka tu."

Usiku mmoja alipanda ngazi za baraza, pumzi ikamkatika. Akadhani ndiyo mwisho wake. Moyo ukamwenda mbio, akawa anavuta hewa harakaharaka, na hewa ikazidi kunasa. Hofu ilizaa pumzi fupi, pumzi fupi ikazaa hofu.

Mjukuu wake hakumwambia, "Jikaze, bibi." Alimletea pampu, akaketi mbele yake. Bibi akainama kidogo, viwiko magotini, mabega yakalegea, kama walivyofundishwa na nesi.

"Vuta kwa pua, bibi. Moja, mbili. Sasa chongoa midomo, toa polepole. Moja, mbili, tatu, nne."

Wakarudia mara nyingi. Hewa chakavu ikapata njia ya kutoka, na bibi akatulia.

"Mume wangu," akamwambia mjukuu, kwa utani wa mabibi, "usiku unanitisha. Na watu nao nawaogopa."

"Nimwambie mama?"

Bibi akanyamaza kidogo. "Mwambie."

Mama akampeleka kliniki, akamweleza nesi yote. Nesi hakucheka. Alisema wengi wenye maradhi ya mapafu huingiwa na woga na huzuni, na hayo nayo yanahitaji matibabu. Akampangia bibi siku za kuja kuzungumza. Nyumbani wakatoboa dirisha jikoni, na bibi akaondolewa zamu ya kupika. Lakini hawakumnyang'anya kazi zote: kuchambua mchele kukabaki kwake.

Kikoba akakirudia. Huenda mwendo wake, akipumzika chini ya mti wa katikati ya njia, na mjukuu hamharakishi. Kikohozi bado anacho, hasa wakati wa baridi. Zipo siku mbaya, ila hazifichi tena.

Basi, watoto wangu, akiwapo kwenu mwenye pumu au kifua sugu, au ni wewe mwenyewe, yashikeni haya. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, au pampu isipomsaidia, muiteni mtu mzima mara moja apelekwe hospitali. Na siku za kawaida, mwulizeni ameamkaje, kisha kaeni mlisikilize jibu lake mpaka mwisho.